Udongo Mwekundu Kutoka Pwani

Bandungan, 4 Mei 2003

Ibu,

Assalamu alaikum. Nabusu mkono wako kwa mbali, mama mkwe wangu. Barua hii naiandika nimekalia gunia la pumba, Seno amelala mgongoni kwangu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka ujue ni yeye anapumua.

Mume wangu Triman ameandika kutoka ng'ambo, Sabah, bila shaka na wewe umepata yako. Mkataba wake kwenye mashamba ya michikichi umeongezwa mwaka mmoja. Anasema mimi na mtoto tusiendelee kukaa huku mlimani kwenye chumba hiki nyuma ya kitalu cha maua, tushuke pwani tukakae na wewe kabla ya mwezi wa kufunga. Nimekubali. Ukuta wa chumba chetu unatoka jasho, na kifua cha Seno unakijua. Mwezi uliopita alilazwa siku tano kwa nimonia. Daktari alinitazama akasema, "Mama Seno, huyu anataka nyumba kavu. Dawa nitamwandikia, nyumba siwezi." Kwa hiyo kila unaposema nyumba yako ni kavu, mimi huwa nafumba macho nikamshukuru Mungu.

Umeomba maua ili mjukuu akute uwanja unapendeza. Utayapata. Pak Jumeri, dereva wa kitalu, anateremsha miche soko la huko kila wiki na amekubali kubeba. Lakini hii ndiyo kazi yangu, Ibu, siwezi kukutumia chochote mradi kina rangi. Niambie: jua linapiga uwanja wako kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Upepo wa bahari unafika? Udongo ni mweusi, ni kichanga, unanata? Na maji yakija yanasimama wapi, kwa muda gani?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wateja wangu wengi wanaua mimea kwa maji, si kwa kiu.

Mkweo,
Wuryani


Morosegoro, 11 Mei 2003

Nduk,

Wa alaikum salamu, binti yangu. Nimesoma barua yako mara mbili nikamuuliza jirani yangu Bu Darsini, "Hivi huyu mkwe wangu anauza maua au yuko polisi?" Maswali mengi hivyo hata kadhi hakuniuliza siku naolewa. Bu Darsini akacheka hadi akashika nguzo ya kibaraza.

Haya, andika maelezo yangu. Jua: tangu linachomoza hadi linazama, hakuna mti hata mmoja wa kulizuia. Upepo: upo, tena mtamu. Udongo: ni udongo. Maji: hayasimami popote. Tangu mwezi wa nne mvua haijadondoka hapa hata tone. Nyumba imekauka kama chipsi za krupuku juani.

Mimi nataka yale maua ya buluu yenye kichwa kikubwa kama bakuli, niliyoyaona huko kwenu siku ya harusi. Yapangwe mawili mawili kutoka mlangoni hadi barabarani, Seno apite katikati kama mwana wa sultani. Kitanda cha baba yake nimeshakipiga vanishi. Mbah wake, yaani bibi yake, anamsubiri, mwambie hivyo hata kama haelewi.

Mama yako,
Kasmirah


Bandungan, 18 Mei 2003

Ibu,

Nimemwambia. Akasema "Mbah" kisha akakohoa, kisha akasema tena "Mbah". Sasa kila kuku anayepita anamwita Mbah. Usikasirike.

Maua ya bakuli sikutumii. Yale yamezoea kunywa ukungu. Hata huku juu tunayafunika kwa wavu mweusi saa sita mchana, na bado yanalegea shingo. Huko kwako yatadumu siku tatu, na siku ya nne utasema mkwe wako amekutapeli.

Nimekuchagulia hivi. Bogenvilia nne, mbili zambarau na mbili rangi ya chungwa. Hizo zinataka jua la kutesa. Ukizidekeza kwa maji zinakupa majani matupu. Halafu vyungu sita vya ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga, ambao kila mtu anauita ulimi wa mama mkwe. Pak Jumeri alipokuwa anavipakia aliniuliza, "Unampelekea mwenyewe? Huogopi?" Nikamwambia nyamaza uendeshe gari.

Na zawadi yangu hasa ni mikamboja miwili. Shina nene kama mkono wangu, maua meupe yenye kiini cha njano. Kwa joto, kwa upepo wa chumvi, kwa udongo uliochoka, sijui mti unaoushinda. Wenye nyumba za mapumziko huku hawataki kitu kingine langoni. Panda mmoja kila upande wa mlango, umwagilie mara moja kwa wiki, basi. Kitu kimoja tu hauwezi: mizizi yake kukaa majini.

Nimemwambia Bu Yatmi, mwenye kitalu, kwamba chumba chake nitakiacha mwishoni mwa mwezi wa tisa. Ameshaanza kutafuta mtu wa kuchukua kazi yangu. Neno nimeshalitoa.

Mkweo,
Wuryani


Morosegoro, 1 Juni 2003

Wuryani,

Mzigo umefika.

Niliomba maua, umeniletea makaburi. Ulizaliwa wapi wewe? Kuna Mjava gani asiyejua mkamboja unapandwa wapi na unamfunika nani? Nimeteremshiwa miti miwili ya makaburini mbele ya watu, nikaibeba kifuani kama sanda yangu mwenyewe. Bu Darsini ameniuliza, "Mkweo amekuchimbia lini, ili nijipange na kanga?"

Mlangoni haitakaa. Nimeitoa.

Bogenvilia zako nazo zimeungua kingo za majani. Ndani ya wiki mbili, Wuryani. Labda zilikuwa na ugonjwa kabla hazijapanda gari.

Kasmirah


Bandungan, 8 Juni 2003

Ibu yangu,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye tope na sikujali.

Nauza mikamboja thelathini kwa mwezi kwa watu wa mjini. Wanaipanda kando ya bwawa la kuogelea, wanaiwekea taa. Macho yangu yakazoea, nikasahau ule mti ni wa nani. Bibi yangu mzaa mama angekuwa hai angenichapa kibao, na mimi ningegeuza shavu la pili. Sikukuombea mabaya, Ibu. Nilikuchagulia mti ambao hautakufa, hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Nimeshaomba radhi. Sasa nisikilize kidogo, hata kama bado una hasira.

Bogenvilia haiungui kwa jua. Nieleze kuungua kwake: kunaanzia ncha ya jani kuja ndani? Rangi ni kahawia kama mkate uliobabuka? Juu ya udongo kuna utando mweupe asubuhi? Na ukilivuta jani linatoka lenyewe bila kubishana? Nina sababu ya kuuliza.

Chukua udongo wa kujaa kiganja kutoka sehemu tatu za uwanja, kila sehemu mfuko wake, unifungie kwa Pak Jumeri. Mume wa Bu Yatmi, Mungu amrehemu, alinifundisha kuuonja kwa ncha ya ulimi. Watu wanacheka, lakini ulimi haujawahi kunidanganya.

Seno amepungua nusu kilo. Anacheza, ila akikimbia anasimama katikati ya njia kama mzee aliyesahau alichofuata.

Wuryani


Morosegoro, 22 Juni 2003

Nduk,

Yameisha. Mama na mwana wakigombana nani atabeba kapu? Nimekusamehe kabla hujamaliza kuandika.

Udongo ndio huo, mifuko mitatu kama ulivyoamuru. Onja uushibe. Utaona ni mtamu, mzuri, haubishani na mtu. Bogenvilia zimepona, zinatoa machipukizi. Mikamboja ipo mahali pake, imetulia, usiiulize tena. Ulimi wangu mimi, yaani ule wa kwenye vyungu, umesimama wima kama kawaida yake.

Bu Darsini anakusalimu. Anasema Seno akija atamfundisha kula samaki wa moshi bila kumeza miiba. Nimemwambia mjukuu wangu hafundishwi na mtu mwenye meno manne.

Usimwandikie Triman habari za ule ugomvi wetu. Mwanaume yuko mbali, anapanda ngazi na panga mkononi siku nzima. Habari za nyumbani zimfikie zikiwa zimenyooshwa.

Chumba kiko tayari, Nduk. Njooni hata kabla ya mwezi wa tisa. Mkitaka, njooni wiki ijayo.

Mama yako,
Kasmirah


Bandungan, 29 Juni 2003

Ibu,

Nimefungua mifuko yote mitatu. Nimeonja. Kweli ni mtamu, hauna chumvi.

Lakini ni mwekundu, Ibu.

Udongo wa pwani yenu ya Demak ni wa kijivu, nimeuona matairini mwa Pak Jumeri kila wiki kwa miaka mitatu. Huu uliouleta ni wa huku kwetu juu. Una vijiwe vya mlima ndani yake. Mimi nauchekecha kila siku, naujua kama ninavyoujua unga wa nyumbani. Udongo wa namna hii haufiki pwani wenyewe. Unabebwa na malori ya kifusi, na kifusi kinamwagwa mahali panapotaka kuinuliwa. Unainua nini?

Nimemuuliza Pak Jumeri. Hakutaka kusema, nikamzibia njia na toroli. Akasema wewe huwa unamngoja kwenye lami, hajawahi kuruhusiwa kuja hadi nyumbani. Akasema sarong yako huwa imelowa hadi magotini. Nikamwambia labda alikuwa anafua. Akanijibu, "Mama Seno, kila wiki? Na ndala kazibeba kichwani?"

Mvua haijanyesha tangu mwezi wa nne. Wewe mwenyewe uliniandikia.

Sina hasira. Nimechoka, mtoto ananiamsha kwa kukohoa, na siwezi kusoma barua zako kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Nijibu swali lile la kwanza kabisa: maji yanasimama wapi, na kwa muda gani? Mpaka nipate jibu hilo sifungi hata furushi moja.

Wuryani


Bandungan, 20 Julai 2003

Ibu,

Wiki tatu gari linarudi bila barua. Pak Jumeri anasema ulikuja hadi lami, ukachukua biskuti nilizokutumia, ukasema "Mwambie sijambo", ukageuka.

Kuna binti amekuja kuangalia chumba changu na kazi yangu. Bu Yatmi anataka jibu mwisho wa mwezi. Seno tumelazwa naye tena siku mbili.

Usiponiandikia nitakuja mwenyewe kutazama, na nitamleta mtoto mgongoni kwa sababu sina wa kumwachia. Utachagua.

Wuryani


Morosegoro, 3 Agosti 2003

Nduk,

Usimlete.

Maji yanasimama kila mahali. Yanaanzia kwenye mtaro wa nyuma, yanakuja jikoni, yanapita ukumbini, yanatokea mlango wa mbele kama mgeni anayeijua nyumba. Hayahitaji mvua. Yanakuja na bamvua, siku nyingine yanakaa saa tatu, siku nyingine saa sita, yakiondoka yanaacha utelezi na chumvi. Zamani bahari ilikuwa kilomita mbili kutoka hapa. Tulikuwa tunaiendea kwa baiskeli.

Sakafu nimeinua mara tatu. Ndiyo, kwa kifusi cha mlimani. Sasa dirisha la mbele liko usawa wa goti langu, na mlangoni naingia nimeinama kama mwizi. Ukinyoosha mkono unagusa vigae vya paa. Kitanda cha Triman nimekipandisha juu ya matofali, na hapo ndipo ninaposali. Udongo niliokutumia ni uliobaki kwenye pembe ya jiko. Nilijua utauonja. Kwamba utautazama, hilo sikuliwaza. Nimezeeka.

Uliniuliza kuhusu jua nikakuambia hakuna mti wa kulizuia. Hapo sikusema uongo. Miembe ilikufa, minazi ikakatika vichwa, hata mkwaju wa shuleni. Shule yenyewe imehamishwa.

Bu Darsini amehama tangu mwezi wa pili, Nduk. Yale yote niliyoweka mdomoni mwake ni maneno yangu. Nilikuwa naongea naye wakati nakuandikia, ili ionekane kuna watu.

Na mikamboja. Nilikutukana, na tusi lilikuwa la kweli, nilishtuka kweli. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Makaburi yetu yako baharini sasa. Mzee wangu, baba yake Triman, yuko chini ya maji ya kiunoni. Ile mikamboja yake miwili ya zamani ilikufa imesimama, imekuwa myeupe kama mifupa. Halafu wewe unaniletea mingine miwili, hai, ina majani. Maji yalipopwa niliibeba mmoja mmoja, nikaipanda kichwani kwake na miguuni. Ilikaa siku kumi na tisa. Niliposhika shina likabonyea kama ndizi iliyooza. Uliniandikia kwamba haiwezi kukaa majini. Niliisoma hiyo, nikaipanda hivyo hivyo.

Kwa nini nilidanganya, usiniulize kwa ukali. Nilijua nikisema kweli hamji. Nilifikiri mkishafika, tutaishi tu, kama ninavyoishi mimi.

Kasmirah


Bandungan, 10 Agosti 2003

Ibu yangu mpendwa,

Nimelia, nikanawa, nikarudi kazini. Sasa naandika.

Kwanza nikujibu kama muuza miche, maana uliniomba maua na bado hujapata jibu langu la mwisho. Kwa uwanja wako sina ua. Nimepita kitalu kizima nikiwa na barua yako mkononi. Mhibiskasi, hapana. Bogenvilia, hapana, na najua zimekufa, usiniambie zinachipua. Kuna mikoko tu, nayo haipandwi mlangoni ili mtoto apite katikati. Miaka yote hii sijamwambia mteja kwamba hakuna kitu. Wewe ndiye wa kwanza.

Pili nikujibu kama mama yake Seno. Simleti. Si mwezi wa tisa, si mwakani. Ningemfikisha hapo na kifua kile, nikakuta sakafu imelowa, ningefanya nini? Ningeshakuwa sina kazi wala chumba. Ulijua daktari alisema nini, nilikuandikia katika barua ya kwanza. Hapo ndipo panaponiuma, Ibu, na nitakuwa mnafiki nikisema hapaniumi. Nimekusamehe, lakini nilitaka ujue ilikuwa karibu kiasi gani.

Tatu. Nilimwendea Bu Yatmi kulirudisha neno langu la kuondoka. Alinisikiliza, akaniuliza, "Wuryani, mbegu na vitunguu vya maua unavikaushia wapi?" Nikasema chumba cha juu, chenye mabati na sakafu ya mbao. "Kwa nini hapo?" Kwa sababu ni pakavu, nikasema. Miaka mitatu, Ibu, mbegu nimeziweka pakavu na mtoto nimemweka kwenye ukungu. Tumehama Alhamisi. Chumba ni kidogo, kinanuka vitunguu, na Seno amelala usiku wa tatu sasa bila kuamka.

Pana nafasi ya mkeka wa tatu. Njoo.

Nimemwandikia Triman. Nimemwambia yote, sikunyoosha kitu.

Wuryani


Morosegoro, 24 Agosti 2003

Wuryani,

Nilikuomba usimwandikie. Neno moja tu nilikuomba.

Sasa mwanangu yuko juu ya ngazi huko Sabah anafikiria mama yake anaogelea. Akianguka?

Kuhusu mkeka wako, Mungu akulipe, lakini siji. Wewe unadhani nakaa hapa kwa ajili ya nyumba. Nyumba gani, hii ninayoingilia kwa kuinama? Nakaa kwa sababu kaburi la mzee halionekani tena. Majina yote yako chini. Maji yakipwa unaanzia nguzo ya tatu ya umeme, unaelekea ukuta wa msikiti wa zamani, unahesabu hatua arobaini na moja, unasimama. Hapo ndipo. Waliokuwa wanajua za watu wao wamehama, na sasa wakija kuomba wanaomba popote tu, wanamwaga maua juu ya mtu asiye wao. Mimi najua. Mimi peke yangu ndiye ninayejua. Nikipanda gari la Jumeri, Triman akirudi atasimama wapi amwombee baba yake?

Nenda kalee mtoto. Mko pakavu, nimefurahi. Nasema kweli, nimefurahi.

Kasmirah


Bandungan, 7 Septemba 2003

Ibu,

Nguzo ya tatu ya umeme, kuelekea ukuta wa msikiti wa zamani, hatua arobaini na moja.

Umeshaniandikia. Sasa tunajua wawili. Leo nimemwandikia Triman mstari huo huo na nimeukolezea wino. Ikifika kwake tutakuwa watatu. Hasira zako nazikubali zote, ukae nazo kadiri utakavyo, lakini hiyo sababu ya kuwa peke yako sikubali tena uishike.

Mwezi wa Shaaban ukifika nitakutumia waridi na maua mengine ya kunyunyiza kaburini, kikapu kizima, yamechumwa asubuhi ile ile.

Wuryani


Morosegoro, 19 Oktoba 2003

Nduk,

Kikapu kilifika kikiwa bado kina umande. Nilienda. Tulikuwa familia saba, wanaume wamekunja suruali, wanawake tumeshikana mabega tusianguke. Imamu alisoma amesimama majini hadi kiunoni. Nilihesabu hatua zangu, nikasimama, nikamwaga maua yako. Yalikaa juu yake kidogo, yakizunguka, mpaka maji yakaanza kuvuta yakaondoka nayo yote pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka mjini aliniuliza, "Wewe umejuaje ni hapo?" Nikataka kumjibu kwa majivuno. Nikashindwa. Nikamwambia, "Hata mkwe wangu anajua."

Barua ya Triman imefika. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza kitu kimoja: "Ukiwa umelala, maji yanafika wapi?" Nina wiki mbili na barua hiyo, sijajibu. Yanafika tofali la pili, Nduk. Kitanda kina matofali matatu.

Sitadanganya tena kwa ajili ya kumwona mtoto, kwa hiyo naomba waziwazi. Niletee Seno siku ya Idi, siku moja tu. Jirani aliyebaki ana kalenda ya maji. Siku ile yanaingia alfajiri na kutoka kwenye saa nne. Mkifika saa tano mtakuta sakafu nimeshaisugua. Nitapika ketupat, ule wali wa kufungiwa majani ya mnazi, juu ya meza. Saa nane mwondoke, sitawazuia, kiporo cha maji huwa kinarudi jioni na sitaki akione.

Kama ni hapana, sema hapana. Nitaelewa.

Mama yako,
Kasmirah


Bandungan, 16 Novemba 2003

Ibu,

Ni ndiyo.

Tutafika saa tano. Pak Jumeri hachukui miche siku ya Idi, atatubeba sisi tu, na nimemwambia safari hii haishii kwenye lami. Atakwenda hadi pale gari litakapokataa. Seno atakuwa mgongoni kwangu muda wote. Hatashuka sakafuni, hata ukiisugua mara kumi, na tafadhali usinibembeleze mbele yake, maana nitakataa na utaumia. Lakini mikono yake itakuwa huru. Utampakata juu ya kitanda cha baba yake kadiri upendavyo. Amenenepa. Anasema maneno kumi na mawili, na ameshagundua kuku si Mbah.

Kabla ya kula utanipeleka kwa mzee. Nimejaribu hatua arobaini na moja hapa kati ya matuta, nikaona zangu ni fupi kuliko zako kwa sababu nabeba mtoto. Kwa hiyo utatangulia, mimi nitahesabu nyuma yako, na tutarudi nguzoni tuhesabu tena, mpaka niweze kupafika bila kukutazama. Maji yakiwa magotini si neno. Nitaleta nguo za kubadilisha, zangu na zako.

Saa nane Pak Jumeri atawasha gari. Mbele kuna nafasi ya watu watatu na mtoto. Sitakuvuta mkono mbele ya majirani, na sitakuomba tena, nimeshaomba. Nitapanda, nitasogea hadi ubavuni kwa dereva, nitampakata Seno, na mlango wa upande wako nitauacha wazi mpaka Pak Jumeri aseme hawezi kusubiri zaidi.

Anajua kusubiri, yule mzee. Nimeshaongea naye.

Mwanao,
Wuryani